Jinsi ya kuvaa bendi ya hatua mkononi ili ikupe hesabu ya kweli

Mama yangu ana sukari, huu mwaka wa nne sasa, na kliniki walimwambia dawa peke yake haitoshi, atembee kila siku. Kwahiyo mwaka jana nikamnunulia bendi ya mkononi, ile nyembamba nyeusi, nikamuunganishia na simu yake, nikamwonyesha pa kubonyeza ili aone hatua zake kila jioni. Wiki ya pili nikampitia nikamkuta amenuna. Alikuwa ametoka Tandika sokoni na beseni lake kichwani, kwenda na kurudi, jasho hadi mgongoni, alafu akaangalia bendi inamwambia hatua 1,900. Akaniuliza, "mwanangu, ina maana kutembea kote kule si kitu?"

Iliniuma. Kesho yake nikaenda nae sokoni, nikawa natembea nyuma yake nahesabu hatua zake kwa mdomo, moja mbili tatu hadi mia. Bendi ikaandika 58. Yaani hatua 42 za mama yangu zimepotea hewani na yeye anatembea kweli kabisa, tena na mzigo. Kuangalia vizuri nikaona bendi ipo mkono wa kushoto na mkono wa kushoto ndo ulioshika beseni. Nikamvua nikamvalisha kulia, tukahesabu tena mia, ikaandika 96. Bendi ni ile ile, mama ni yule yule, barabara ile ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nawasaidia watu wengi kuvaa hizi bendi na saa janja, majirani, wa kwenye kikundi chetu cha tizi, na wengi wanaamini namba bila kuijaribu hata siku moja. Kwahiyo nimeona niandike yote hapa, mtu asome taratibu.

Cha kwanza kabisa uelewe hiki kitu kinafanya nini, maana ukishaelewa mengine yote utayajua mwenyewe hata nisipoyaandika. Bendi haioni miguu yako. Ndani yake kuna sensa ndogo sana inayopima mtikisiko kwa pande tatu, juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ukitembea mkono unabembea, na kila mguu ukigusa chini mwili wote unapata kamshtuko kadogo ambako kanapanda hadi mkononi. Sensa inapokea ile mitikisiko, alafu programu iliyomo ndani inatafuta mpangilio unaojirudia, pa, pa, pa, pa, kwa nguvu fulani na kwa mwendo fulani, ikiupata inasema huyu anatembea. Basi. Ni kubahatisha kwa akili nyingi, ila bado ni kubahatisha. Mkono ukitulia na miguu inatembea, hatua zinapotea. Mkono ukicheza na miguu imekaa, unapewa hatua za bure. Makosa karibu yote ya hizi bendi ni moja kati ya hayo mawili.

Na ile taa ya kijani inayowaka chini ya bendi sio ya hatua, ile ni ya mapigo ya moyo. Nalisema kwasababu kuna watu wanahangaika kufuta kioo cha chini wakidhani ndo kinahesabu. Kifute sawa, ni usafi, lakini hatua hazitoki pale.

Sasa namna ya kuvaa. Angalia kile kimfupa kilichotokeza kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo. Bendi ikae kupita hicho kimfupa, kuelekea kwenye kiwiko, nafasi ya upana wa kidole kimoja. Isikae juu ya mfupa wenyewe maana hapo inayumba, na isikae chini kabisa karibu na kiganja kwasababu kila ukikunja mkono inasukumwa. Ukienda kukimbia au tizi zito ipandishe kidogo, vidole viwili au vitatu juu ya mfupa, hiyo inasaidia zaidi mapigo ya moyo lakini hata kwa hatua inatulia vizuri.

Kukaza, hapa watu wanakosea pande zote mbili. Wengine wanaivaa kama bangili, inashuka hadi kwenye kiganja na kupanda hadi katikati ya mkono, sasa ile bendi inakuwa na safari zake yenyewe, mkono ukibembea mara moja yenyewe inagonga mara mbili. Wengine wanakaza hadi ikitolewa inaacha alama kama ya kamba. Kipimo changu ni hiki, ifunge, alafu jaribu kuizungusha kwa kidole. Ngozi ikizunguka pamoja na bendi, iko sawa. Bendi ikizunguka yenyewe na ngozi imebaki, imelegea. Na kama huwezi kupenyeza ncha ya kidole kidogo chini yake, umekaza sana, legeza tundu moja. Mkono unavimba kidogo kukiwa na joto, na joto la Dar mnalijua, kwahiyo tundu la asubuhi sio lazima liwe tundu la saa nane mchana.

Ivaliwe kwenye ngozi, sio juu ya shati. Wanaovaa buibui au nguo za mikono mirefu yenye mpira, angalieni ule mpira usikae juu ya bendi, unaivuta kila ukinyoosha mkono. Aidha mpira ukae upande wa kiganja au upande wa kiwiko, usiiguse bendi.

Mkono gani? Wengi wanasema kushoto kwa mtu anaetumia kulia, na kwa siku ya kawaida ni kweli, maana mkono wa kulia unafanya kazi nyingi, unaandika, unapika, unasalimia watu, kila kitu hicho ni mtikisiko. Ila kwangu mimi swali la kwanza ni mkono gani unabembea ukiwa unatembea, alafu ndo swali la kulia au kushoto. Mama anashika beseni kwa kushoto, basi bendi inakaa kulia. Kama we ukitembea simu ipo mkono wa kushoto unasoma meseji, ule mkono umekunjwa kifuani hautikisiki sana, bendi ikiwa pale unajipunja. Mwenye mkoba wa bega anaeshika mkanda wake muda wote, hivyo hivyo. Mwenye mtoto wa kubeba kwa mkono, hivyo hivyo, ila akimfunga mgongoni kwa khanga mikono yote inakuwa huru na hesabu inarudi vizuri.

Ukishachagua mkono, nenda kwenye apu yake, fungua setingi za kifaa, bendi nyingi zina sehemu ya kuiambia iko mkono gani. Usiiruke. Kwenye bendi za kampuni ya Fitbit kwa mfano, wanakuuliza kama ni mkono unaoutumia zaidi au usioutumia sana, na ile sio mapambo. Ukiiambia ni mkono usiotumika sana inakuwa nyepesi kuhesabu, ukiiambia ni mkono unaotumika zaidi inapunguza wepesi ili isihesabu kila ukipunga. Kwahiyo kama inakuzidishia hatua, badilisha hapo hata kama bendi hujaihamisha. Na kama inakupunja, fanya kinyume chake. Ni dawa ndogo na haina gharama na watu wengi hawajui ipo. Hapo hapo ingiza urefu wako wa kweli na uzito wako wa kweli, sio ule wa miaka mitano iliyopita.

Sasa tuje kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, jaribio la hatua mia. Usimwamini muuzaji, usiniamini hata mimi, jaribu mwenyewe. Tafuta sehemu iliyonyooka, barabara ya mtaa asubuhi kabla pikipiki hazijajaa inatosha. Simama tuli, angalia namba iliyopo kwenye bendi, iandike kwenye simu au mwambie mtu aishike kichwani. Shusha mkono taratibu. Anza kutembea mwendo wako wa kila siku, usitembee kama askari kwasababu unajaribiwa, tembea kama unaenda dukani. Hesabu kila mguu unaogusa chini, kulia moja, kushoto mbili, mpaka mia, alafu simama papo hapo na ukae kama sekunde kumi bila kuinua mkono. Hiyo kusubiri ni muhimu sana, bendi nyingi zinachelewa kuandika, ukiangalia haraka utaona 88 alafu ukiangalia tena inaruka 98. Toa namba ya mwanzo kwenye namba ya mwisho. Rudia mara tatu.

Ukipata kati ya 97 na 103 bendi yako iko vizuri mno. Sijaitoa kichwani hiyo, Wajapani wana kiwango chao cha vifaa vya kuhesabu hatua, kosa lisizidi hatua 3 kwenye kila 100, na mi nakitumia kwa mtu anaetembea kawaida. Ukipata 92 au 107 sio mbaya kwa bendi ya mkononi, ila cheza na mkazo na ule mkono kwenye setingi. Ukipata 70 au 130 kuna kitu hakiko sawa, na mara nyingi ni namna ya kuvaa, sio bendi.

Alafu fanya jaribio hilo hilo kwenye maisha yako halisi, hapa ndo wengi hawafiki. Kama kila siku unatoka na ndoo, jaribu na ndoo. Kama unasukuma toroli, jaribu na toroli. Kama unatembea na simu sikioni, jaribu na simu sikioni. Bendi inaweza kupata 100 kwenye 100 mikono ikiwa huru alafu ikakupa 40 ukiwa unasukuma kitu, na kama siku yako nzima ni kusukuma, ile 100 haikusaidii chochote.

Kwa wanaosukuma, nikae hapa kidogo maana ni kundi ambalo limesahaulika kabisa. Mtu wa mkokoteni Kariakoo anatembea kuliko karibu wote tunaovaa hizi bendi kwa ajili ya mazoezi, lakini mikono yake imeng'ang'ania vyuma, haibembei, na ule mshtuko wa mguu unamezwa na mzigo. Hivyo hivyo dada anaesukuma kigari cha mtoto, mtu anaesukuma toroli la supamaketi, mtu wa jimu anaetembea kwenye mashine ya kukimbilia ameshika vyuma vya pembeni. Huyo wa mwisho dawa yake rahisi, achia vyuma, punguza spidi kama unaogopa kuanguka. Wengine dawa ni kuhamisha bendi chini. Ivae kwenye kifundo cha mguu, juu kidogo ya kile kimfupa cha pembeni, iwe imebana ili isigonge mfupa. Kampuni nyingi zinasema bendi zao ni za mkononi, na mapigo ya moyo huko chini usiyaangalie kabisa, ila kwa hatua nimejaribu na jirani yangu anaesukuma toroli la maji, mkononi alipata 37 kwenye mia, mguuni akapata 94. Bendi nyingine mguuni zinaweza kuhesabu kwa namna tofauti, ndo maana nasema rudia jaribio la mia ukiwa umeihamisha, usihamishe tu ukaamini. Kama mkanda haufiki mguuni, mfuko wa mbele wa suruali unaobana nao unafanya kazi nzuri, paja linatembea kwa kila hatua.

Upande wa pili ni hatua za bure, zile ambazo hujazitembea. Nitaje ninazozijua kwa mkono wangu mwenyewe. Kufua kwa mikono, ule msuguo unaojirudia, bendi inaona kama unatembea kwenda Chalinze. Kukuna nazi. Kutwanga kisamvu. Kusonga ugali wa familia kubwa. Kupiga makofi kwaya, maana makofi yana mdundo na mdundo ndo kitu bendi inatafuta. Na kinachonishangaza zaidi ni kupepea jiko la mkaa, dada yangu alipepea jiko dakika tano amekaa kwenye kigoda akaongezewa hatua zaidi ya mia tatu, tuliangalia wote kabla na baada. Mkono unaenda mbele na nyuma kwa mwendo ule ule wa kutembea, bendi itajuaje kama ni kipepeo cha ukili?

Kwa hizo kazi, vua. Ivue iweke juu ya kabati, na huo ndo muda mzuri wa kuichaji. Kufua unavua pia kwa ajili ya ngozi, sabuni inayobaki chini ya bendi inachubua, watu wengi wanaolalamika bendi inawawasha shida ni sabuni na jasho lililokauka, osha bendi na maji ya kawaida, kausha mkono, ndo uvae. Ila mtu atasema kufua nako ni mazoezi, kwanini nisihesabiwe. Ni mazoezi kweli, na yanachosha, mwili unajua. Lakini sio hatua, na kama unataka kujua ulitembea kiasi gani leo, usichanganye mchele na choroko. Hesabu kufua kama dakika za kazi.

Usafiri nao. Lami nzuri kwenye mwendokasi haina shida kubwa, bendi za sasa zimejifunza kutofautisha mtetemo wa gari. Barabara ya vumbi yenye mashimo ni habari nyingine, na bodaboda ndo zaidi. Nilishapanda boda kutoka Mbezi mwisho kwenda ndani ndani huko, nikashuka nimeongezewa hatua 640, na nilikuwa nimekaa. Abiria ushauri wangu ni kuuweka mkono wenye bendi juu ya paja, umelegea, usishike chuma cha nyuma kwa mkono huo, shika kwa mwingine. Kwenye daladala ukisimama, shika bomba kwa mkono usio na bendi. Dereva wa boda au bajaji yeye anashika usukani kutwa nzima, kwake mi nasema vua ukiwa kazini, vaa ukiegesha, au angalia namba asubuhi ya siku moja usiyotembea kabisa uone usukani peke yake unakupa ngapi, hizo ndo za kutoa.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni hatua za ndani ya nyumba. Unatoka kitandani kwenda jikoni, hatua nane, unaangalia bendi haijaandika kitu. Sio mbovu. Bendi nyingi zinasubiri zione hatua kadhaa mfululizo ndo ziamini unatembea, zikishaamini zinaongeza zote kwa mara moja, na hilo linasaidia zisihesabu kila ukijikuna. Hasara yake ni mtu ambae siku yake yote ni hatua tano tano, mama lishe kwenye banda lake anazunguka kati ya jiko na meza, fundi cherehani anaeinuka kwenda kwenye pasi na kurudi, hao wanapunjwa kila siku. Hakuna namna ya kuvaa itakayolimaliza hilo. Wajue tu kwamba namba yao ni ya chini kuliko ukweli, na wafananishe leo na jana yao, wasifananishe na ya mtu wa ofisini anaetembea kilomita mbili kwa mkupuo.

Umbali, yaani zile kilomita, ni hesabu nyingine tofauti kabisa na wengi wanazichanganya. Bendi isiyo na GPS, ile ya kujua ulipo kwa satelaiti, inachukua hatua zako inazidisha na urefu wa hatua moja, na huo urefu inaukisia kutoka kwenye kimo chako. Kisio linalotumika sana ni kimo mara 0.413 kwa mwanamke na 0.415 kwa mwanaume. Mama ana sentimita 158, kwahiyo bendi inadhani hatua yake ni kama sentimita 65. Nikampima. Tulichukua tepu ya fundi, nikaweka kisigino chake kwenye mstari wa sakafu, akatembea hatua kumi za kawaida, nikapima kutoka kisigino cha mwanzo hadi kisigino cha mwisho, mita 5 na sentimita 40. Hatua yake ni 54, sio 65. Kwenye hatua 5,000 bendi inamwambia ametembea kilomita 3.2 na ushee wakati ukweli ni 2.7. Hatua ziko sahihi, kilomita ndo zimezidi. Kama apu yako ina sehemu ya kuandika urefu wa hatua, andika uliopima. Angalia tu apu nyingine zinataka urefu wa hatua mbili, yaani mguu wa kulia hadi mguu wa kulia tena, ukiona wamekuwekea mwanzo namba kama 130 ujue ni mbili.

Ukitaka kupima kwa umbali mrefu zaidi, ambao ni bora kwasababu hatua kumi za ndani mtu anatembea kwa aibu, tumia kitu chenye urefu unaojulikana. Uwanja wa riadha mzunguko mmoja njia ya ndani kabisa ni mita 400. Kwa wa Dar, Daraja la Tanzanite lina kilomita 1.03, asubuhi watu wanatembea pale na upepo wa bahari, mimi nililimaliza kwa hatua 1,370, gawanya mita 1,030 kwa 1,370 unapata kama sentimita 75. Saa yenye GPS inajirekebisha yenyewe ukitembea nayo nje, Apple Watch wanashauri utembee kama dakika 20 sehemu ya wazi ili ijifunze mwendo wako, sehemu ambayo majengo marefu hayajaziba anga.

Simu nayo inahesabu, na hapa kuna mtego wa hesabu mbili. Simu ikiwa mfukoni mwa suruali inahesabu vizuri tu. Ikiwa kwenye pochi inapunja kwasababu pochi inabembea kwa namna yake, na wanaovaa dera wasio na mfuko karibu wote simu iko kwenye pochi, au imebaki mezani kabisa. Sasa apu inaweza kupokea hatua za simu na za bendi. Nyingine zinachagua moja, Apple Health, apu ya afya ya iPhone, kwa mfano inafuata mpangilio wa vyanzo, kilicho juu ndo kinaaminiwa kwanza. Ila ukiunganisha apu mbili tatu zinazopeana taarifa unaweza kukuta namba kwenye apu ni kubwa kuliko ya kwenye kioo cha bendi. Ikitokea hivyo amini ya bendi, alafu ingia kwenye setingi za apu uzime chanzo cha simu.

Na ikiwa kinyume, bendi ina 6,000 na apu ina 2,300, tulia, hatua hazijapotea. Simu nyingi zinaua apu zinazokaa nyuma ili kuokoa betri. Nenda kwenye setingi za betri za simu, itafute ile apu, iruhusu ifanye kazi muda wote, washa blutuu, fungua apu uvute kioo chini, zitakuja. Bendi inatunza za siku kadhaa yenyewe. Ila kama saa ya bendi haiko sawa, hesabu inarudi sifuri muda usio wake badala ya saa sita usiku, kwahiyo baada ya betri kuisha kabisa hakikisha umeiunganisha na simu kwanza ndo utoke.

Wazee na wanaotembea taratibu, hili ni la moyoni kwangu. Mwendo ukiwa wa chini sana, chini ya kilomita 3 kwa saa hivi, mkono haubembei vya kutosha na kamshtuko ka mguu ni kadogo, bendi inakosa hatua nyingi. Mwenye fimbo au anaetembelea kigari cha kushikilia ndo kabisa. Mwenye fimbo ajaribu bendi kwenye mkono usio na fimbo, akishindwa kifundo cha mguu, na vyote vikikataa aachane na hatua ahesabu dakika. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 lenyewe linazungumzia dakika, 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka kwa mtu mzima, na wazee kadiri uwezo wao unavyoruhusu. Saa ya ukutani inatosha kwa hilo. Usimwache mzee akate tamaa kwasababu kidude cha mkononi hakikuona juhudi yake.

Dakika pia zinakusaidia kuishika bendi ikidanganya. Mwendo wa kuchangamka kwa mtu mzima ni karibu hatua 100 kwa dakika. Umetembea dakika 20 bila kusimama, utegemee kama 2,000. Ukiona 1,100 au 3,500, rudi kwenye mkazo, mkono, na setingi.

Na hiyo namba ya hatua 10,000 kwa siku inayotutisha wote, ilitoka Japani 1965, kampuni moja ilitoa kifaa cha kiunoni ikakiita Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Lilikuwa jina la biashara. Utafiti wa mwaka 2019 Marekani uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000, wastani wa miaka 72, ulikuta waliotembea kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500 ikatulia. Nilipomsomea mama hiyo alinyamaza kidogo alafu akasema, basi mimi nimo.

Sasa hivi bendi yake iko kulia, tundu la tatu, na akifika sokoni akitua beseni anaangalia namba kwanza kabla ya kupanga nyanya. Kila akibadilisha mkanda, au apu ikijisasisha, ananipigia simu, tunarudia hatua mia pale mbele ya nyumba, mimi nahesabu kwa sauti yeye anatembea.